Soda zinazoanikwa juani, tuziongelee

Jamani asanteni kwa kuja, naanza na hii chupa niliyoshika, juisi ya machungwa ya dukani, mgeuzieni nyuma mwenzio asome yale maandishi madogo: sodiamu benzoeti, au wanaandika E211, halafu mbele kidogo kuna asidi askobiki, E300, ndo vitamini C yenyewe.

Kila kimoja peke yake kimeruhusiwa na sina ugomvi nacho. Benzoeti inazuia ukungu, bila hiyo kinywaji kinachacha mapema. Shida ni vikikutana, vitamini C ikisaidiwa na chembe za chuma au shaba zilizomo kwenye maji inaivunja benzoeti, inatokea benzeni, hii hii iliyoko kwenye petroli na moshi wa sigara, inayosababisha saratani ya damu. Joto na mwanga vinachochea, na soda za diet, zisizo na sukari, ndo zaidi maana sukari huwa inapunguza kasi.

Na hili halijaanza leo! Wenye viwanda Marekani waliiambia FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, mwaka 1990, wakasema watarekebisha, yakaisha hivyo hivyo bila sheria. 2005 ikaonekana tena, FDA ikapima vinywaji karibu 200, 10 vikazidi mikrogramu 5 za benzeni kwa lita, ambacho ni kiwango cha maji ya kunywa, maana cha soda hawakuwa nacho. Baada ya hapo ndo vikabadilishwa na benzeni ikashuka.

Kiasi ni kidogo, chupa moja haikulazi kitandani, mtu asitoke hapa na hofu. Ila mtoto anakunywa kila siku.

Kinachoniuma mimi ni hiki, Codex, wale wanaoweka viwango vya chakula vya kimataifa, inasema benzoeti isizidi miligramu 250 kwa kilo, Ulaya 150 kwa lita, sawa, lakini wanahesabu benzoeti tu, na ile chupa ya plastiki inayopigwa jua la Dar nje ya duka toka asubuhi mpaka jioni nani anaipima? Naomba TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wachukue sampuli hapo hapo juani, wapime benzeni.

Wenye maduka mliopo, ingizeni kreti ndani au funikeni turubai, na mzigo wa zamani utoke kwanza. Wazazi, ukiona E211 na E300 kwenye lebo moja na chupa imeshapata moto, iache, chukua nyingine.