Chambo ndani ya ua: kazi ya Tetsuya Higashiyama

Ndugu walimu na wanafunzi, habari za mchana.

Leo nazungumzia kazi ya Tetsuya Higashiyama, mtafiti wa mimea kutoka Japani, kuhusu jinsi ua linavyouita mrija wa chavua. Naanza na hindi lenye mapengo. Kila aliyewahi kumenya mahindi shambani analijua: punje zimejipanga vizuri, halafu unakuta sehemu tupu. Kila uzi wa ndevu za hindi unakwenda kwenye punje yake moja. Chavua ikitua kwenye uzi huota mrija, na mrija huo lazima usafiri ndani ya uzi mpaka uifikie ovuli, kile kijifuko kinachokuja kuwa mbegu, safari inayoweza kuzidi sentimita 20. Usipofika, au ukifika ukakosa tundu la kuingilia, punje haipo. Mapengo yana sababu nyingi, ukame ukiwemo, lakini mengi huishia hapo hapo: mrija haukufika.

Sasa jiulizeni mrija unajuaje njia. Ni seli moja ndefu inayokua kwenye ncha yake tu. Umebeba seli mbili za kiume ambazo, tofauti na mbegu za kiume za wanyama au za kangaga, haziwezi kuogelea. Mrija ndio gari lao. Moja lazima iungane na yai ili itoe kiinitete, na ya pili iungane na seli ya kati ili itoe akiba ya chakula cha mbegu, ile tunayoisaga ikawa unga. Jambo hilo, urutubisho maradufu, lilionwa na Sergei Nawashin mwaka 1898. Mrija wenyewe ulikuwa umeonwa mapema zaidi na Giovanni Battista Amici, mwaka 1824. Wataalamu wa karne ya 19 walishahisi kwamba ovuli hutoa kitu kinachouvuta. Miaka ya 1960 kalsiamu ilitajwa sana. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha ni seli ipi inayovuta, wala inatumia nini.

Sababu ya kukwama ilikuwa mahali penyewe. Yai, seli ya kati na seli mbili zilizo kando ya yai, zinazoitwa sinejidi, zimo ndani ya mfuko wa kiinitete. Mfuko umo ndani ya ovuli iliyofunikwa kwa tabaka za seli. Ovuli imo ndani ya ovari. Ukitaka kuona ndani, unakata. Ukikata, unaua. Vitabu vikabaki na picha za vipande vilivyokaushwa na kutiwa rangi, na kipande kilichokufa hakikuambii nani alimwita nani.

Tetsuya Higashiyama alizaliwa mwaka 1971 katika mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani, akasomea Chuo Kikuu cha Tokyo katika maabara ya Tsuneyoshi Kuroiwa. Mmea alioufanyia kazi ni Torenia fournieri, ua dogo la bustani lenye asili ya Asia, buluu na zambarau. Mimi naamini uamuzi huo wa mmea ndio uliobeba yote yaliyofuata. Katika Torenia mfuko wa kiinitete hauishii ndani ya ovuli. Unachomoza nje kupitia tundu lake, ukiwa uchi: sinejidi mbili, yai, na sehemu ya seli ya kati, zote wazi mbele ya hadubini, zikiwa hai. Mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya urutubisho maradufu walioutazama moja kwa moja katika mfuko huo. Baadaye walipima jinsi mrija unavyopasuka ukifika: haumwagi polepole, unalipuka na kumimina kilichomo kwa chini ya sekunde moja.

Nitakaa kidogo kwenye njia ya kazi, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea wanapoirudia.

Ua hutolewa stameni zake kabla halijafunguka, lisije likajichavusha. Stigma ya Torenia ina midomo miwili, nayo ikiguswa hufunga. Kwa hiyo chavua hupakwa mara moja, kwa mkono mwepesi. Ukigusagusa ukitafuta mahali pazuri, midomo imeshafunga. Baada ya kuchavusha, shingo ya ua hukatwa, kipande cha sentimita 1 hivi kikalazwa juu ya jeli. Jeli yenyewe ni chumvi za Nitsch (mchanganyiko wa virutubishi vya mimea) zilizorekebishwa, sukari ya kawaida asilimia 5, polietilini glaikoli 4000 asilimia 13, na agarosi asilimia 1.5 ya aina inayoganda kwenye ubaridi sana. Kila kiungo kina sababu. Polietilini glaikoli huzuia maji yasiingie kwa kasi ndani ya mrija. Ikipungua, ncha zinapasuka moja baada ya nyingine. Agarosi ya kawaida huganda ingali moto kwa seli na hutoa jeli ngumu ambayo mrija hauwezi kujipenyeza. Ovuli hutolewa kwenye ovari ya ua lililokomaa, zikapangwa mbele ya mahali shingo ilipokatwa. Sahani hukaa kwenye unyevu, joto nyuzi 28, gizani. Baada ya saa kadhaa mirija hutokeza kwenye mkato kama nyuzi za kioo na kuanza kutafuta.

Hapo kuna jambo lililowashangaza watafiti. Chavua ukiiotesha moja kwa moja juu ya jeli, bila kuipitisha shingoni, mirija inaota vizuri kabisa, lakini inapita kando ya mfuko ulio uchi kana kwamba hakuna kitu. Mrija lazima kwanza upite ndani ya shingo ya ua ndipo uweze kusikia wito. Ovuli iliyouawa kwa joto haimwiti yeyote. Na iliyokwisha kurutubishwa huacha kuita. Haya ya kuongoza mirija kwenye sahani yalichapishwa mwaka 1998.

Mwaka 2001 likaja jaribio la leza, ambalo kwangu ni mojawapo ya majaribio safi kabisa katika elimu ya mimea. Kama mfuko uko wazi, unaweza kuua seli moja tu kwa mwale wa leza ya urujuanimno na kuziacha jirani zake hai, kisha ukatazama kama mrija bado unakuja. Mfuko mzima ulivuta mirija mara 98 kwa 100. Walipoua yai, uvutaji uliendelea karibu vilevile. Walipoua seli ya kati, uliendelea. Walipoua sinejidi moja, ulishuka hadi asilimia 71. Walipoua sinejidi zote mbili, hakuna hata mrija mmoja uliokuja. Jibu likapatikana bila kubahatisha: anayeita ni sinejidi, moja inatosha, mbili zinaita kwa nguvu zaidi. Wito huo husikika umbali wa maikromita 100 hadi 200, yaani sehemu ndogo ya milimita. Mbali zaidi ya hapo mrija unaongozwa na mambo mengine, yakiwemo tishu za shingo na ovari.

Kumjua anayeita si kujua anachotumia. Kazi hiyo ilichukua miaka mingine minane. Mwaka 2007 Higashiyama alihamia Chuo Kikuu cha Nagoya akiwa profesa. Njia waliyoifuata haikupitia kusaga maua kilo kwa kilo, kwa maana sinejidi mbili zingepotea kati ya mamilioni ya seli nyingine. Ovuli ziliwekwa kwenye vimeng'enya vinavyolegeza ukuta wa seli, sinejidi zikatoka, zikaokotwa moja moja kwa bomba jembamba la kioo. Seli 25 zikawatosha kusoma jeni zinazofanya kazi humo. Wakakuta jeni nyingi za protini fupi zenye sistini nyingi (sistini ni asidi-amino yenye salfa), jamii moja na zile ambazo mimea hutumia kujikinga na vimelea. Mbili kati ya hizo wakaziita LURE, neno la Kiingereza la chambo cha mvuvi, na kwa hakika ni chambo.

Uthibitisho ulikuja kwa njia mbili. Kwanza, protini ilitengenezwa na bakteria, ikakunjwa upya ili madaraja ya sistini yakae mahali pake, ikatiwa ndani ya ushanga wa jelatini, na ushanga ukawekwa karibu na ncha ya mrija kwa sindano ya kioo. Mrija uligeuka. Ukiufanya utafiti huu, usiridhike na mpindo mmoja, kwa kuwa mrija hupinda wenyewe mara kwa mara. Hesabu mirija mingi na uilinganishe na ushanga mtupu. Tena usiitikise sahani, kwa sababu kinachouongoza mrija ni tofauti ya kiasi cha protini kati ya upande mmoja na mwingine, na mtikiso mdogo huichanganya. Njia ya pili ilikuwa kuzizima jeni hizo ndani ya mfuko kwa kudunga molekuli zinazozuia ujumbe wake. Uvutaji ulishuka. Makala ya Satohiro Okuda na wenzake ilitoka mwaka 2009.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Hidenori Takeuchi na Higashiyama walipata chambo cha Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi unaotumika sana maabara, mwaka 2012, wakakitia kwenye sinejidi za Torenia, na mirija ya Arabidopsis ikaja kwenye mfuko wa mmea usio wa ukoo wake. Mwaka 2016 wakaonyesha kipokezi, yaani protini inayopokea wito, kiitwacho PRK6, kilichokaa kwenye ncha ya mrija. Katika toleo lilelile la jarida, kundi la China lilitaja vipokezi vingine, kwa hiyo si sahihi kufundisha kwamba sikio ni moja. Mwaka huohuo Akane Mizukami na wenzake walieleza kinachoufungua mrija usikie: ni sukari mbili zilizoungana kwenye ncha ya molekuli kubwa itokayo kwenye ovuli, na sukari hizo peke yake, zikitengenezwa na wanakemia, zinafanya kazi. Wakaiita AMOR.

Na wito unakomaje? Mrija wa kwanza ukifika, sinejidi moja hufa. Ya pili hubaki hai, na kama ingeendelea kuita, mirija mingine ingekuja bure. Daisuke Maruyama na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba baada ya urutubisho sinejidi hiyo iliyobaki huungana na chakula cha mbegu kinachoanza kukua, chambo kikazimuliwa humo. Lakini urutubisho ukishindwa, kwa mfano seli za kiume zikiwa mbovu, sinejidi ya pili huendelea kuita na mrija wa pili huja. Ua lina nafasi ya pili.

Isidhaniwe pia kwamba LURE ndiyo kila kitu. Mwaka 2019 watafiti walifuta chambo za aina hiyo katika Arabidopsis na mmea ukaendelea kuzaa mbegu. Kilichopungua ni upendeleo wa mrija wa jamii yake dhidi ya wa jamii jirani. Kuna chambo nyingine ndani ya ua lilelile.

Mahindi yana chambo chake. Kinaitwa EA1, kilielezwa mwaka 2005 na kundi la Ujerumani, na hakifanani na LURE hata kidogo. Mwaka 2012 waliitia jeni yake kwenye ovuli za Arabidopsis, nayo mirija ya mahindi ikazifuata mpaka kwenye tundu.