Tumbawe Ndani ya Kioo

(Mhadhara uliotolewa uani mwa Ngome ya Lamu, baada ya Isha)

Asalaam alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi karibu na lango ili mpate kuchopoka mapema. Nimeshawaona.

Nimetakiwa niseme kama 1984, riwaya ya George Orwell, inastahili jina kubwa ililonalo, na kama bado ina neno na sisi. Nianze na hapa tulipoketi. Ngome hii ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821. Tangu 1910 ilikuwa jela, na ikaacha kuwa jela mwaka 1984. Ni sadfa tu, sikuipanga mimi, ila nilipoambiwa mhadhara utakuwa uani humu nilicheka peke yangu.

Mwandishi tumpitie upesi. Jina lake hasa ni Eric Arthur Blair, mzaliwa wa India, 1903. Alikuwa afisa wa polisi wa mkoloni kule Burma kwa miaka mitano. Watu wa kazi yake ndio walioshika funguo za jela kama hii. Akaacha, akajuta, akaandika. Riwaya hii aliiandika kisiwani Jura, Uskoti, kifua kikuu kikimla. Ikatoka Juni 1949, na Januari 1950 akafariki, miaka 46.

Sasa lawama, kwani zipo. Kila anayekitaja kitabu hiki hutaja Kaka Mkubwa, mtawala wa dola iliyomo ndani yake, na zile runinga zinazomtazama mtu chumbani mwake. Mimi naona hapo ndipo kilipochakaa. Kwanza, hapa Amu, yaani Lamu, hatukuhitaji runinga. Ukinunua changu sokoni, kabla hujafika mtaa wa Mkomani mamako anajua umemnunua kwa bei gani na umepunjwa kiasi gani. Pili, kwa Orwell kifaa cha kukuchunguza kinapachikwa ukutani kwa nguvu. Sisi tunakinunua kwa mkopo, tunakitilia bando, na kikizimika tunahangaika kutafuta chaji. Hilo hakuliona. Tena katikati pana kurasa na kurasa za kitabu ndani ya kitabu, nadharia tupu. Winston, mhusika mkuu, anamsomea mpenzi wake Julia, Julia anapitiwa na usingizi. Simlaumu.

Na umaarufu wenyewe una kasoro zake. Januari 2017, Donald Trump alipoingia madarakani Marekani, riwaya hii ilipanda hadi kileleni mwa mauzo ya Amazon. Wengi hukinunua wapate fimbo ya kumpigia mpinzani. Kila upande unamwona Kaka Mkubwa ng'ambo ya pili tu.

Lakini hebu tazameni kazi ya Winston. Hapigi mtu, hafungi mtu. Ni karani. Anakaa Wizara ya Ukweli akisahihisha magazeti ya zamani yalingane na yale kinayoyasema leo Chama kinachotawala. Karatasi ya awali inatupwa tunduni, inakwenda kuchomwa. Basi. Hapo ndipo nywele zinaponisimama, kwa sababu mji huu una mshairi aliyefanya kinyume chake kabisa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutazama mji jirani wa Pate ulivyoanguka, akasema, "Nyumba zao mbake ziwele tame." Nyumba zilizopambwa zimekuwa mahame, popo wananing'inia. Utenzi wake huo, Al-Inkishafi, unakuonyesha gofu ili ujue palikuwa na watu. Chama cha Orwell kinaliondoa gofu lenyewe, pakasafishwa, hata usijue kwamba palianguka kitu. Kwangu mimi hilo la pili ndilo linalotisha.

Julai 2009, kwa mzozo wa haki za uchapishaji, Amazon ilizifuta nakala za 1984 ndani ya vifaa vya wateja waliokwisha kuzinunua. Wakarudishiwa fedha zao. Kejeli kama hiyo angeiandika Orwell mwenyewe, tungesema amezidisha chumvi.

Kisha kuna lugha. Chama kinatunga Usemi Mpya, na kamusi yake kila toleo huwa jembamba kuliko lililotangulia. Mtu akikosa neno, atalifikiriaje jambo? Na vitabu vya kale havitasomeka tena. Nisikilizeni vizuri hapa, nisije nikanukuliwa vibaya. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sisemi waliokaa pale walikuwa Chama. Usanifu umetufaa, na mhadhara huu ninautoa kwa huo huo usanifu. Ila mimi nilichapwa shuleni kwa kuandika "ndia", neno la Kiamu, lahaja yetu, badala ya "njia". Miaka ikapita, nami nikawa mwalimu. Siku moja mtoto wa hapa hapa kaandika "mato", nikampigia mstari mwekundu, nikamwandikia "macho". Jioni nyumbani nikafungua Al-Inkishafi. Nilishindwa kuisoma usiku ule, kwa haya. Huyo mtoto nimemfunga mlango wa nyumba ya babu yake, na kalamu nimeishika mimi mwenyewe, bila ya wizara kunituma.

Mahali tunapoachana na Orwell ni mwisho. Winston anavunjwa hadi anampenda Kaka Mkubwa. Kwetu, mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972, akaandika mashairi juu ya karatasi za chooni, kwa Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, yakatoka kama Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Orwell aliipa dola nguvu kuliko iliyo nayo. Pengine ni ugonjwa, sijui, lakini naona alikosea.

Nimebakiza kitu kimoja, ambacho sijasikia mtu akikizungumza. Winston anaingia duka la vitu vikuukuu London, anatoa dola nne, ananunua kipande cha kioo kisicho na kazi yoyote. Ndani yake mna kitu chekundu-chekundu, kimejikunja. Mzee wa duka anamwambia ni tumbawe, bila shaka limetoka Bahari ya Hindi. Bahari yetu, jamani! Winston analipenda kwa sababu ni la kale na halimfai kitu. Siku ya kukamatwa, polisi wa fikra wanakivunja kioo, tumbawe linabiringika sakafuni, naye anashangaa lilivyokuwa dogo siku zote.

Karibuni kwa maswali. Bwana uliyeegemea ukuta pale, sogea kidogo. Matumbawe hayo ni ya zamani, chokaa inamwagika, umeshaipaka kanzu yote.