Pishi ya Leo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mmeniomba nizungumzie kumtumaini Mungu na kumtii katika maisha ya kila siku. Tufungue Kutoka 16. Sijui mahali pengine katika Biblia ambapo mambo haya mawili yamefungwa pamoja hivi, tena kwenye chakula.

Ni siku ya 15 ya mwezi wa pili. Wana wa Israeli wametimiza mwezi mmoja tangu watoke Misri. Bahari wameivuka kwa miguu yao wenyewe, na sasa wana njaa, wanazililia sufuria za nyama walizoziacha utumwani. Tusiwahukumu haraka. Muujiza wa mwezi uliopita haumshibishi mtoto anayelia leo.

Mungu akawapa mana, chakula kilichoshuka kutoka mbinguni, na pamoja na mana akawapa agizo: pishi moja, yaani kipimo cha kumtosha mtu kwa siku, kwa kila mtu, wala asibakize kitu hadi asubuhi. Mfikirie mzazi wa watoto wanne jangwani. Hana shamba, hana ghala, na usiku unaingia chombo kikiwa kitupu. Hakuna aliyemuuliza anajisikiaje moyoni. Aliambiwa asibakize, basi. Akilala na chombo chake kitupu, ametumaini. Akificha kidogo chini ya mkeka, hata kama jioni ile aliimba sifa kwa sauti kuu, hajatumaini bado.

Wengine walibakiza. Asubuhi wakakuta mabuu na uvundo.

Lakini angalieni siku ya sita, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu nilipokuwa nikijiandaa. Siku ile waliambiwa waokote pishi mbili na kuweka akiba ya sabato, siku ya saba ya kupumzika. Mana ni ile ile, hema ni lile lile, usiku ni ule ule wa jangwani, na asubuhi hakuna hata buu mmoja. Waliyoiweka kwa hofu ilioza. Waliyoiweka kwa neno la Mungu ilikaa. Kwa hiyo mtu asije akasema nimewafundisha kutoweka akiba. Yusufu aliweka nafaka miaka 7, naye alikuwa akitii. Swali ni nani aliyekutuma uweke: Mungu, au hofu yako?

Nami nilikuwa na pishi yangu niliyoikwepa. Nilimkosea ndugu mmoja kwa maneno, na kwa miezi kadhaa niliomba Mungu anipe kwanza amani, ndipo niende kumwomba msamaha. Niliomba kwa machozi kweli. Amani haikuja. Siku nilipopiga simu mikono ilikuwa ikitetemeka, na yeye hakunisamehe siku hiyo. Hata hivyo usiku ule nililala. Nilikuwa nimegeuza mpangilio: nilitaka imani ikomae ndipo nitii, kumbe inakomaa katika kutii. Petro naye alikuwa amechoka, amevua usiku kucha bila kupata kitu, akasema, "Lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Hakusema kwamba anahisi samaki wapo.

Jambo moja nisilifiche, kwa sababu limeumiza watu wengi. Kumtii Mungu si kumtii kila anayesema ametumwa na Mungu. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na Matendo 17 inawasifu kwa hilo. Kiongozi akikutaka utii huku akikukataza kuuliza, una haki ya kusita.

Yesu alipotufundisha kuomba alisema, "Utupe leo riziki yetu." Leo. Mara nyingi tunamwomba Mungu atuonyeshe mapenzi yake kwa miaka 10 ijayo, ilhali la leo tunalijua: deni tunaloweza kulilipa, ukweli tunaouzungukazunguka, mgonjwa tuliyeahidi kumwona, kazi ya mwajiri inayotakiwa ifanywe sawasawa hata asipokuwepo. Na kwa wengine wenu pishi ya leo ni kupumzika, maana wako walioenda kuokota siku ya saba na hawakupata kitu.

Tukae kimya dakika 2, kisha tutaomba pamoja. Jina la mtu likikujia katika ukimya huu, usilifukuze.