Vipande vya Bledi Msivitupe: Mhadhara kwa Wanagenzi wa Useremala, Tabora

Mwangaluka! Mbona mnaitikia kama hamjanywa chai? Haya.

Nimeombwa niseme juu ya msumeno wa nakshi, huu mnaouita mashine ya maua, wenye bledi nyembamba iliyobanwa juu na chini, inayopanda na kushuka. Namna unavyowashwa mnaijua, sitapoteza muda wenu. Nina jambo moja tu, na walionisikia kule Isevya wanivumilie: bledi zenu zinakatika kwa sababu mnazitesa, halafu ushahidi mnautupa kwenye maranda.

Nani hapa, bledi ikikatika, huokota vipande akavitazama? Mmoja. Na anacheka, kwa hiyo hata yeye simwamini.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua darzeni nzima, bledi 12, namba 5 kwa ukubwa, zile za urefu wa inchi 5 zisizo na pini, yaani kijiti cha kunasia, kwenye ncha. Nikaanza na ubao wa mninga, nachonga ua la kitanda. Ilipofika saa nane mchana zimebaki tatu. Nikamtukana muuza duka kimoyomoyo, nikautukana na mninga, ambao masikini ni mti mpole kuliko nusu ya miti ya huku kwetu. Pale karakana alikuwepo mzee mmoja mpiga zeze, anasubiri kigoda chake kitiwe mguu. Akaniita, "Mwanangu, huo uzi wako mbona umelala?" Nikamwambia, mzee, huu si uzi, ni bledi. Akasema, "Umeufunga juu na chini. Ni uzi."

Nikazima mashine ili nimridhishe aondoke. Akaigusa bledi kwa ukucha. Ikalia bwee, kama kamba ya kuanikia nguo. Akazungusha kitasa cha kukazia, akagusa. Bado. Akazungusha tena, akagusa: ti! Sauti nyembamba, safi. Mimi kwa ujuaji wangu nikataka kuongeza. Akanishika mkono: "Ukizidisha hapo, utatafuta uzi mwingine." Bledi ile ikamaliza ua, ikaanza la pili, ikawa butu ikiwa nzima. Sijawahi kabla ya siku ile kuona bledi inakufa kwa uzee.

Najua mnachotaka kusema: fundi, sisi hatupigi zeze. Sawa. Chomoa waya ukutani, isukume bledi kwa kidole katikati yake. Ikikubali kama milimita 3, unene wa ile plaiwudi nyembamba ya dari, inatosha. Ikipinda kama upinde, imelegea. Ikikataa kabisa, umeikaza kupita kiasi, na kona ya kwanza tu itakuaga.

Kwa nini iliyolegea ikatike, wakati haijavutwa? Hapo ndipo wengi mnakwama. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua pale pale. Unachukua muda gani kukatika? Sasa mashine nyingi za aina hii hupiga kati ya mara 400 na 1,800 kwa dakika. Bledi iliyolegea inajikunja kila pigo, jirani na kibano, pale ncha yake iliposhikwa. Kwa mapigo 1,500, dakika mbili tu ni mikunjo 3,000, nawe unashangaa.

Ndiyo maana nasema okoteni. Imekatikia karibu na kibano? Tazama ukazaji wako, na tazama kibano chenyewe, maana bledi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Futa ncha zake, zipitishe kwenye msasa kidogo, zisiteleze. Imekatikia katikati, na ina rangi ya samawati au kahawia? Hiyo imeungua. Ilikuwa butu, ukaona uvivu kuibadilisha, ukaanza kuisukuma.

Mtu ataniambia, fundi, bledi za siku hizi ni feki. Mbovu zipo, sikatai. Lakini mimi tisa zangu zilizokatika na ile iliyokufa kwa uzee zilitoka pakiti moja! Mwingine atasema umeme mdogo. Umeme ukipungua mashine inapunguza mwendo, basi. Aliyeongeza nguvu ya mkono ni nani? Umeme?

Muda unakwisha, naona mwenyeji wangu anatazama saa. Haraka haraka: meno yatazame chini, kwenye meza, na msinilazimishe kueleza kwa nini. Mguu wa kubania ubao ushushwe uguse ubao, maana ubao ukirukaruka unaondoka na bledi. Kwenye kona, zungusha ubao mahali pamoja. Bledi inakata mbele, haina meno ubavuni, ukiisukuma kwa upande unaivunja tu. Tena bledi nyingi huvuta kulia kidogo kwa jinsi zilivyopigwa kiwandani. Huo si ugonjwa, geuza ubao kidogo uifuate, usishindane nayo. Mbao nene ya mkurungu inataka bledi pana zaidi, namba 7 au 9, namba 2 iache kwa kazi nyembamba. Bandika selotepu pana juu ya mchoro, inasaidia ubao usiungue. Ukimaliza kazi, legeza. Na mavumbi ya mninga yanawasha pua, vaeni barakoa, hilo nilitaka nilizungumze kirefu, basi tena.

Haya, mwenye shati la kijani, njoo. Ubao huu laini, milimita 18, utakutosha kuanzia. Gusa kwanza. Mmesikia? Bwee. Kaza. Gusa. Kaza tena, kidogo, kidogo jamani... hapo. Washa. Mikono iwe myepesi, ubao uende wenyewe. Nimesema myepesi! Mbona umekunja uso kama unasukuma mkokoteni wa mkaa?

Eh. Zima, zima.

Hapana, usiitupe. Lete vyote viwili hapa mezani, wenzako wasogee.