Mtoto Hana Kasma

SALUM: Karibuni tena. Leo ni hela za serikali na watoto ambao hata kuongea hawajaanza. Dada Neema, afya ya akili kwa mtoto wa miezi minane? Wengi wetu tukisikia hivyo tunawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

NEEMA: Na hela nazo zinawaza hivyohivyo, kaka. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2020 zilionyesha serikali duniani zinatenga kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa afya ya akili, na katika nchi nyingi sehemu kubwa ya hiyo inaishia hospitali. Sasa mtoto mchanga utampeleka Mirembe kufanya nini? Afya yake ya akili iko kwa anayemlea. Akilia, abebwe. Akicheka, achekewe. Mama akizama kwenye sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, baada ya kujifungua, hayo yanaweza kukatika.

SALUM: Lakini mama huyo si anakwenda kliniki kila mwezi?

NEEMA: Anakwenda. Mtoto anavalishwa ile kaptula ya mizani, ananing'inizwa, analia, kilo saba na nusu, nukta kwenye kadi, "mama mwingine!" Nesi simlaumu, foleni imefika nje. Ila mama ameondoka hajaulizwa kama usiku analala, au kama kuna siku anamwangalia mwanaye na hasikii chochote.

SALUM: Eeh. Hilo la mwisho hata nyumbani hawezi kulisema.

NEEMA: Hawezi. Atasemwa.

SALUM: Lakini mpango si tupo nao? Ile PJT-MMMAM, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina refu kuliko bajeti yake.

NEEMA: (anacheka) Usinichokoze. Ilizinduliwa Desemba 2021, ya mpaka 2025/26, watoto wa miaka 0 hadi 8. Na malezi yenye mwitikio, yaani huko kumjibu mtoto akilia au akicheka, yamo, sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Kwenye karatasi sina ugomvi nayo. Shuka halmashauri sasa: kipande kiko Afya, kipande Elimu ya Awali, kipande Ustawi wa Jamii. Mapato ya ndani yakipungua, kila idara inadhani mwenzake ndiye atalipia.

SALUM: Yaani haina mwenyewe.

NEEMA: Linganisha na lishe. Halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mikataba ikasainiwa na wakuu wa mikoa 2017, ikasainiwa upya 2022 mbele ya Rais Samia. Halmashauri yenye watoto 40,000 inajua inadaiwa milioni 40. Diwani asiyejua vitamini A ni nini anaweza kusimama barazani akauliza: zimetoka ngapi?

SALUM: Na mara nyingine jibu ni kwamba zimetengwa, hazijatoka.

NEEMA: Kweli, ila walau una cha kudai. Kwenye malezi utadai nini?

SALUM: Hapo tutagombana. Ukiongeza kasma nyingine, yaani fungu lake kwenye bajeti, watakata kwenye hiyohiyo ya lishe. Nimewahi kukaa kwenye vikao vya bajeti. Mfuko ni ule ule.

NEEMA: Ndiyo maana sitaki jengo wala idara mpya. Nataka hela ya kumfundisha nesi maswali mawili matatu ya kumuuliza mama, na hela ya mtu wa kumfuatilia baada ya mafunzo, maana mafunzo ya siku tatu hotelini bila ufuatiliaji ni posho tu. Halafu wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wapite nyumbani kwa yule mama ambaye hakurudi kliniki.

SALUM: Na wakimkuta ana sonona, wampeleke wapi? Wilaya ngapi zina mtaalamu?

NEEMA: Chache. Kwa hiyo kasma hiyo ibebe na nauli ya rufaa, la sivyo tunamwuliza mama maswali halafu tunamwacha nayo.

SALUM: Nauli sitakupinga. Ila usiniambie hela hizo zitoke kwa wafadhili.

NEEMA: Sijawataja. Mradi wao ukiisha, gari linaondoka na nesi anarudi kwenye mizani yake. Mapato ya ndani, Salum. Hata yakianza na 200 kwa kila mtoto.

SALUM: 200 haya, hiyo nitaibeba kwa diwani wangu. Tupumzike kidogo, tukirudi tunasoma ujumbe wenu kuhusu vituo vya kulelea watoto mchana.