Kabla ya Kununua Pistoni Nyingine

Mabibi na mabwana, mlionisikiliza siku zilizopita mtaniwia radhi, kwa maana nimerudi na malalamiko yale yale: injini ya mipigo miwili iliyokamata, yaani pistoni imegandia ndani ya silinda, haiponi kwa kubadilishiwa pistoni. Pistoni iliyokwaruzika ni matokeo tu, na kilichoikwaruza bado kimo mle ndani kikiisubiri ile mpya.

Mnunuzi wa pikipiki ya magurudumu manne iliyotumika huambiwa kwamba injini "imekamata kidogo," neno ambalo hadi leo sijapata kujua hupimwa kwa kifaa gani. Anzeni kwa kuhakikisha kwamba kilichokamata ni injini yenyewe. Chomoeni plagi, wekeni gia huru au vueni mkanda kwa zile zenye mkanda, kisha jaribuni kuzungusha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, taratibu, mbele na nyuma, kwa spana iliyoshika nati ya sumaku ya kuzalisha umeme iliyo mwishoni mwake. Ikizunguka, huenda mkwamo ulikuwa kwenye stata au gia, au petroli ilikuwa imejaa ndani ya silinda. Isipozunguka, msiiburute kwa gari mkitumaini itaachia, kwa sababu ringi, ile pete ya pistoni, ikishikwa na kutu huvunjika, na vipande vyake hukwangua silinda ambayo pengine ingeokolewa. Mimineni mafuta ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, na muwe na subira ya siku kadhaa.

Wakati mkisubiri, fungueni ekzosi. Injini hii haina vali za moshi kama zile za mipigo minne, hivyo tundu la moshi linatazama moja kwa moja ndani ya silinda, na kwa tochi ndogo mtauona ubavu wa pistoni ikiwa imekwama juu, au ukuta wa silinda ikiwa imekwama chini. Mikwaruzo ya upande wa ekzosi peke yake huashiria joto kali, mara nyingi kwa sababu petroli ilikuwa chache kuliko hewa. Mikwaruzo ya sehemu nne zilizotengana huashiria pistoni iliyotanuka kabla silinda haijapata joto. Iliyozunguka pistoni nzima, tena mikavu, huashiria ukosefu wa oili.

Najua yupo anayesema moyoni kwamba dawa ni kuongeza oili kwenye petroli. Ndugu yangu, ukitoka sehemu 40 za petroli kwa 1 ya oili ukafika 20 kwa 1, jeti ya kabureta, lile tundu dogo linalopima petroli, haikujua kwamba umebadili mawazo. Inapitisha ujazo ule ule, ambao sasa una petroli pungufu, na injini inazidi kupata joto.

Kijana mmoja aliniletea injini aliyokwisha kuitia pistoni mbili mpya, zote zikiwa zimekwaruzika upande wa ekzosi, ingawa kabureta aliisafisha hadi inang'aa. Niliziba mlango wa hewa na wa moshi, nikajaza upepo kwa pampu ya mkono hadi paundi 6 kwa inchi ya mraba, wala si zaidi, kwa maana upepo mwingi huweza kuzing'oa sili, ile mipira inayozuia uvujaji pale krenki inapotokea nje ya kasha lake. Ulipaswa kudumu dakika kadhaa, lakini ulishuka papo hapo, na maji ya sabuni yakatoa mapovu nyuma ya sumaku. Sili ya krenki ilikuwa imechoka, na kila pistoni ilipopanda, kasha la krenki lilivuta hewa tupu kupitia hapo. Sili ya upande wa pili ikichoka, huvutwa oili ya gia, na moshi mzito hukutangazia habari hiyo. Hii ya upande wa sumaku huharibu kimya kimya. Pistoni mbili, kwa sababu ya mpira mmoja!

Naona muda umekwisha, basi nitaje mawili tu. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikicheza juu na chini, kasha la krenki lazima lifunguliwe. Na silinda iliyopakwa nikeli msimpelekee fundi aichonge kama ya chuma, kwa maana atakuwa ameondoa ngozi ngumu ambayo pistoni ilikuwa ikiitegemea.