Zabibu za juu ya ndoo

Asanteni. Mwenyekiti alinipa dakika ishirini, kisha akala tano kunisifu, kwa hiyo sitaanza kufafanua meta-analisisi ni nini. Mnaijua: unakusanya tafiti zote zilizouliza swali moja, kila moja unaipa uzito wake, unatoka na jibu moja. Mnaijua, ila wengi mnaiamini kupita kiasi.

Jumamosi nilikuwa Hombolo, Dodoma, kununua zabibu. Mama mmoja ana ndoo imejaa pomoni, vichala vya juu vyeusi, vimenona, na kajani kamoja kamebaki ili uone zimechumwa leo. Akanionjesha. Tamu kweli! Nikalipa. Nyumbani natumbukiza mkono: chini mbichi, chachu, nyingine zimepasuka zinavuja maji. Mke wangu akaniuliza, “Si ulionja?” Nilionja, lakini za juu. Na hapa ndipo ninapowataka: ningeonja punje hamsini za juu badala ya moja, ningeijua ya chini? Wapi! Ningezidi kudanganyika, tena kwa kujiamini.

Mnacheka. Basi sikilizeni ya magnesiamu. Mwaka 1991 majaribio saba madogo yalijumlishwa, ikaonekana kumpa mgonjwa wa shambulio la moyo magnesiamu kwenye mshipa kunapunguza vifo karibu nusu. Dawa rahisi, nani asiitake? Mwaka 1995 likaja jaribio la ISIS-4, wagonjwa 58,050. Faida haikuonekana. Watu bado wanabishana ilikuwaje, lakini sababu moja inayotajwa sana ni hii ya ndoo: majaribio madogo yenye matokeo matamu huchapishwa, yasiyo na kitu hubaki kwenye droo.

Mama wa Hombolo simlaumu, anatafuta ada ya mtoto. Majarida nayo yanauza. Mimi mwenyewe nina utafiti uliotoa sifuri safi, jarida likanijibu kwa mistari miwili kwamba hauna jipya. Jipya gani zaidi ya kujua kitu hakifanyi kazi? Nikachoka, nikaufungia. Kwa hiyo hata mimi ni mwizi wa zabibu za chini.

Kuna kijana pale nyuma ananung'unika, “Daktari, hayo ni ya Wazungu.” Kongwa ni ya Wazungu? Hapo hapo jirani, kina mama walihamasishwa kuwanawisha watoto nyuso, pamoja na dawa ya macho ya tetrasaiklini, kupambana na vikope, yaani trakoma. Matokeo yalichapishwa 1995: trakoma kali ilipungua. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya, walipotafuta duniani majaribio ya kunawa uso yanayofaa, walibaki na mawili. Moja Australia, jingine hili la Kongwa. Mawili! Hapo utajumlisha nini na nini?

Nilitaka kusema pia juu ya tafiti zisizofanana kujumlishwa kama maembe na viazi, na kwamba hizi si kura: tafiti tano mbovu haziishindi moja nzuri. Lakini mwenyekiti anainua karatasi. Naiona, ndugu yangu. Nusu dakika.

Majaribio siku hizi husajiliwa kabla ya kuanza, kwa hiyo tunaweza kuhesabu yaliyopotelea njiani. Lakini tasnifu zetu nani anazihesabu? Inueni mikono: nani hapa ana data alizomaliza kukusanya na hajazichapisha?

Aah. Msishushe kwanza. Mwenyekiti, na wewe?